Mlima wa Hatua Arobaini

Shule ya Msingi ya Misheni
Darasa la Nne
20 Februari

Kwa Baba Kijiko,

Bwana asifiwe. Najua mzazi akiona bahasha ya shule moyo humwenda mbio, anawaza ada au utundu. Tulia, hii haina ada wala utundu. Ni barua ya sifa, na sifa nazo zinahitaji stempu.

Mimi ndiye mwalimu wa darasa la binti yako, na kipindi cha dini ni changu pia. Mwaka huu nimeamua kuwafundisha watoto saburi kwa vitendo, maana kuiimba wanajua sana, ila wimbo ukiisha wanagombania kifutio. Kwa hiyo nimechora mlima kwenye ukuta wa nyuma, kuanzia sakafuni hadi usawa wa dirisha. Una hatua arobaini, na kileleni nimechora msalaba. Kila mtoto ana mtu wake wa karatasi aliyebandikwa kwa pini. Siku ikipita bila kunung'unika, mtu wako anapanda hatua moja. Ukilialia, ukisema umechoka, ukimshtaki mwenzako, anashuka. Atakayefika juu wa kwanza atagonga kengele ya shule wiki nzima, na ungewaona wanavyoitazama hiyo kengele ungedhani ni ya dhahabu.

Leo ni siku ya ishirini na Kijiko yuko hatua ya ishirini. Hajashuka hata mara moja. Jirani yake wa dawati, binti tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, bado yuko ya tatu. Juzi nilimshusha kwa kumsema Kijiko vibaya mbele ya darasa, na Kijiko hakumjibu neno. Siku hizi amezama kwenye kazi kiasi kwamba ukimwita mara ya kwanza haitiki. Na Ijumaa iliyopita kwenye ibada nilimwona ameinamisha kichwa upande mmoja, machozi yanamtoka kimyakimya. Sikumgusa. Nilijua Bwana anasema naye.

Mkeo nilikutana naye getini, pacha mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akaniambia Kijiko ndiye mkono wake wa tatu. Nikaona lazima baba mtu naye aambiwe. Mnalea vizuri.

Wako katika Kristo,
Mwalimu wa Darasa la Nne


Kambi ya Daraja
28 Februari

Mwalimu mheshimiwa,

Asifiwe. Barua yako imefika leo na gari la mahitaji, katikati ya magunia ya unga na mitungi ya gesi. Huku simu ni tochi tu, mtandao haujawahi kututembelea, kwa hiyo Jumamosi ndiyo siku yetu ya kujua kama wake zetu bado wanatukumbuka. Nimeisoma mara tatu. Ya tatu niliisoma kwa sauti, mafundi wote wakasikiliza. Mzee Nyundo, ambaye sikio lake la kushoto liliuawa na kelele za kazi hii, ilibidi nihamie upande wa pili nianze upya.

Mimi ni mchomeleaji. Naunganisha vyuma vya daraja, na vyuma havikusifii hata ukeshe navyo, ndiyo maana barua yako imenilewesha. Siku naondoka nyumbani mapacha walikuwa na wiki sita. Nilimchukua Kijiko pembeni nikamwambia, "Mama yako amezidiwa. Wewe ndiye nguzo ya nyumba sasa, na nguzo hailii." Akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima. Kumbe neno lilimwingia!

Mimi utotoni nilikuwa mlizi wa kutupwa. Marehemu baba alikuwa akisema nikikanyaga kivuli changu nalia. Sasa najiuliza huyu mtoto saburi hii kaitoa wapi, nikipiga hesabu naona ni kwa mama yake na kwako. Mvumilivu hula mbivu. Mpandishe tu, Mwalimu. Daraja tutalimaliza mwezi wa saba, nikirudi nataka kuiona hiyo kengele aliyoigonga mwanangu.

Baba Kijiko


Nyumbani
2 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, sijui wewe huko. Mapacha hawajambo. Wanalia kwa zamu, mmoja akichoka anamwachia mwenzake. Mama anasema hawa wamesomea. Yeye siku hizi analala amekaa. Jana alitia chumvi kwenye chai badala ya sukari, tukanywa wote, sikusema kitu kwa sababu ya mlima.

Leo nimefika hatua ya ishirini na sita. Redio alifika ya tano, halafu akasema dawati linamchoma, akarudi ya nne. Mimi dawati linanichoma pia lakini nanyamaza.

Baba, nimegundua ufundi wa kulala. Nikilalia sikio la kulia, mapacha hawasikiki kabisa. Nyumba inakuwa kimya kama kanisa siku ya kazi. Nilimfundisha Mama naye ajaribu, akajaribu, akasema anawasikia vilevile. Nadhani hajui kulala vizuri. Na foronya yangu siku hizi naifua mwenyewe kabla Mama hajaamka, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, namsaidia.

Nina swali. Ukiwa nguzo unaruhusiwa kukaa kidogo? Nauliza tu, si manung'uniko.

Mwanao,
Kijiko


Kambi ya Daraja
7 Machi

Kijiko mwanangu,

Marahaba. Nimewauliza wenzangu swali lako, tumekubaliana kwamba nguzo husimama mchana, jioni hupumzika. Lakini zisionekane zimelala kazini, msimamizi ni mkali.

Huo ufundi wa kulala nimeupenda. Hapa nalala na wanaume kumi na mmoja, wote wanakoroma, na kila mmoja ana wimbo wake. Nimejaribu kulalia kulia, nikajaribu kushoto, nikajaribu kufunika uso kwa koti, wapi! Itabidi uje unifundishe. Mama naye mwambie atie chumvi apendavyo, mradi nikirudi nimkute.

Panda, mwanangu. Zimebaki chache.

Baba yako


Kambi ya Daraja
14 Machi

Mwalimu,

Nisamehe sina salamu. Barua hii nampa dereva na nimemwapiza aipitishe shuleni kabla hajashusha mzigo mahali pengine.

Jumatano wakati wa mapumziko ya mchana jenereta lilikuwa linaunguruma hatua tano kutoka tulipojilaza. Hakuna aliyepata usingizi isipokuwa Mzee Nyundo, ambaye alikuwa amelala fofofo, ubavu wa kulia. Alipoamka nikamtania, nikamwambia hiyo dawa ya usingizi atugawie. Akacheka, akajibu, "Nalalia sikio zima. Hili la juu ni pambo tu."

Mwalimu, kikombe kilinitoka mkononi. Barua ya mwanangu ilikuwa mfukoni, nikaitoa, nikaisoma tena pale pale. Kaandika kwamba akilalia sikio la kulia hawasikii mapacha. Mapacha ambao jirani wa nyumba ya tatu anawasikia. Nami wiki iliyopita nimemjibu kwa mzaha, nikamwambia apande, zimebaki chache. Kaandika pia kwamba anafua foronya kwa siri. Nikakumbuka barua yako, ile habari ya kuinamisha kichwa upande mmoja, na kutoitika akiitwa.

Naomba umtazame sikio la kushoto. Leo, sasa hivi, usingoje kesho. Mama yake nimemwandikia pia, lakini Kijiko akiulizwa nyumbani atasema ni mzima, maana mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo.

Huku kwetu kipande cha chuma kikiletwa, tunakining'iniza tunakigonga nyundo. Kizima kinalia, mlio unakwenda mbali. Kikitoa sauti ya kufa, msimamizi anakipiga alama ya chaki na hakipandishwi darajani, kwa sababu ndani kina ufa. Mwaka wa kumi na nne huu nafanya kazi hiyo. Halafu nikamwambia mtoto wa miaka kumi kwamba nguzo hailii.

Baba yake


Shule ya Msingi ya Misheni
21 Machi

Baba Kijiko,

Dereva alinikuta Alhamisi, tumemaliza sala ya kufunga siku na watoto wamepanga foleni mbele ya mlima. Kijiko ndiyo kwanza alikuwa amepandishwa hatua ya thelathini na tisa. Ilibaki moja.

Niliisoma barua yako nimesimama. Nikawatoa watoto wote nje nikabaki naye. Nikamuuliza, "Sikio linakuuma?" Akasema, "Haliumi, Mwalimu." Hakunitazama mimi, alimtazama mtu wake wa karatasi pale ukutani. Nikauliza tena, akanijibu vilevile, kwa adabu zote. Nikajua kwamba nimemfundisha vizuri na kwamba nitajuta maisha yangu yote.

Basi nikamwambia aendelee kupanga vitabu. Nikasimama nyuma yake, upande wa kushoto, karibu kama mtu anayetaka kumnong'oneza, nikamwambia, "Kijiko, umefika kileleni. Nenda kagonge kengele."

Hakugeuka. Akaendelea kupanga vitabu.

Nilikaa kwenye dawati la Redio nikalia. Kijiko alipogeuka akaniona, akashtuka, akaniambia ninyamaze, nitashuka hatua.

Tulikwenda zahanati jioni ile ile pamoja na mama yake na mapacha. Kijiko alikuwa amejaza pamba ndani ya sikio, amefunika na nywele. Daktari alipoitoa, usaha ukafuata. Ngoma ya sikio imetoboka. Anasema maumivu yalianza wiki nyingi zilizopita na kwamba tungemfikisha mapema lingekuwa jambo la dawa za siku saba. Sasa kuna matone, kuna vidonge, na kuna kungoja miezi mitatu. Huenda ngoma ikajiziba, huenda sehemu ya usikivu isirudi kamwe. Nakuandikia kama alivyosema, sitakuficha tena kitu.

Mkeo hakunigombeza. Ningeona nafuu angenigombeza. Alikuwa amekaa kwenye benchi, mapacha wanalia wote wawili kwa mpigo, akasema, "Mwalimu, nina watoto wawili wanaolia. Nikadhani wa tatu ni mzima."

Liko lingine. Unakumbuka nilikuandikia kwamba nilimshusha Redio kwa kumsema Kijiko vibaya? Maneno yake yalikuwa haya: "Mwalimu, sikio la Kijiko linanuka." Mtoto mmoja tu katika darasa zima alisema ukweli, nami nikamwadhibu mbele ya msalaba niliouchora mwenyewe.

Jana niliubandua ule mlima. Nikamwomba Redio msamaha mbele ya wenzake, akanisamehe, kisha akatumia nafasi hiyo kulalamika mambo saba mengine. Nilimsikiliza yote saba. Mawili yalikuwa ya kweli kabisa, dawati lile lina msumari.

Sina haki ya kukuomba chochote. Ukitaka kuandika kwa mwalimu mkuu, andika. Nitampelekea barua mimi mwenyewe.

Mwalimu wa Darasa la Nne


Kambi ya Daraja
28 Machi

Mwalimu,

Nilikasirika. Nisiseme uongo, nilitembea ukingoni mwa mto nikitafuta maneno ya kukuandikia, na niliyapata, mengine hayafai kusomwa na mtu wa dini. Lakini kila nililotaka kukutupia lilikuwa na mkono wangu ndani yake. Wewe ulimpa hatua arobaini. Mimi nilimpa nyumba nzima abebe. Kwa mwalimu mkuu siandiki.

Unajua kinachoniuma zaidi? Kwamba alituamini. Mtoto mwingine angepima maneno yetu akaona haya ni ya wakubwa, yanapita. Yeye aliyashika.

Nilimwomba msimamizi ruhusa nije. Amekataa. Anasema vipande vya katikati lazima viunganishwe kabla mto haujajaa, wachomeleaji tuko wanne tu, hakuna mtu kutoka hadi mwezi wa saba. Sina la kufanya. Tafadhali mwambie Mama Kijiko, kwa upole, mimi nimeshindwa kuandika sentensi hiyo kwake.

Na kipindi cha dini usikiache. Watoto wafundishwe saburi, sisi ndio tuliokosea kuitafsiri. Ukipata jinsi nyingine ya kuifundisha, niandikie, nami naihitaji.

Baba Kijiko


Nyumbani
30 Machi

Shikamoo Baba,

Hii ni barua ya malalamiko. Mwalimu amesema niandike yote, nisichague.

Moja, matone yanauma. Yakiingia ni kama mtu anachemsha maji humo ndani. Namwambia Mama yanauma, ananiambia pole mwanangu. Yanauma vilevile, lakini pole inasaidia.

La pili, nalazimishwa kuweka pamba nikioga, na mapacha wanaivuta.

Lingine, nilibakiza hatua moja tu. Najua kwa nini mlima umebanduliwa, Mwalimu alinieleza, lakini nilibakiza moja, Baba. Nimelia kwa ajili hiyo na hakuna aliyenishusha kwa sababu hakuna pa kushukia.

Kengele anagonga Redio wiki hii. Aligonga muda mrefu mpaka mwalimu mkuu akatoka nje kuuliza kama kuna moto.

Kwenye kipindi cha dini Mwalimu alitusimulia hadithi ya mjane na hakimu. Yule mjane alionewa, akaenda kwa hakimu, hakimu akakataa. Akaenda tena. Kila siku yuko mlangoni, anasema nipe haki yangu, mpaka hakimu akachoka, akasema bora nimpe huyu mama nisipate kichaa. Na Yesu ndiye aliyeisimulia, akamsifu. Redio akanyoosha mkono, akauliza, kwa hiyo yule mama alikuwa mlalamishi? Mwalimu akasema, "Alikuwa mvumilivu. Mimi ndiye nilikuwa sijaisoma vizuri." Akasema mvumilivu si yule anayenyamaza, ni yule asiyeacha kuomba. Darasa zima likamgeukia Redio. Akavimba kichwa mpaka leo.

Kwa hiyo la mwisho ni hili. Baba, njoo nyumbani. Mama amechoka, mimi nimechoka, sikio langu linaogopa. Njoo.

Mwanao,
Kijiko


Nyumbani
6 Aprili

Shikamoo Baba,

Mwalimu amemwambia Mama kwamba msimamizi amekataa. Yule hakimu naye alikataa mwanzoni.

Njoo nyumbani.

Kijiko


Nyumbani
13 Aprili

Shikamoo Baba,

Usaha umekauka. Daktari amenipigia kijiti cha chuma karibu na sikio, kile kinacholia, nikasikia kidogo, kama kiko chumba cha pili. Amesema kidogo si haba, ila nisitegemee kusikia kote kutarudi. Mama alilia, mapacha wakanyamaza wakamtazama, hawajazoea kupokonywa kazi.

Njoo nyumbani. Nitaandika tena wiki ijayo, na ile ijayo.

Kijiko


Kambi ya Daraja
24 Aprili

Kijiko mwanangu,

Marahaba tatu, moja kwa kila barua.

Ya kwanza ilipofika niliisoma nikaona haya. Mtoto wa miaka kumi anagonga mlango, na mimi mtu mzima niligonga mara moja nikarudi kulala. Kesho kutwa yake asubuhi nikaenda kwa msimamizi kabla hajanywa chai, nikamwomba ruhusa. Akakataa. Asubuhi iliyofuata nikaenda tena. Nimekwenda asubuhi kumi na tisa, Jumapili zikiwemo. Siku ya kumi alinifukuza kwa maneno. Siku ya kumi na tano alinikimbia, nikamkuta chooni, nikamsubiri nje. Mzee Nyundo akawa ananisindikiza, anaomba kwa sauti yake ile ya kiziwi, kambi nzima inaamka. Leo msimamizi amefungua mlango kabla sijagonga. Akasema, "Nenda. Wiki tatu. Nenda nami nipate amani." Zamu yangu wenzangu watatu wamegawana, na vipande vya katikati tulimaliza kuviunganisha jana.

Ule mlima, mwanangu, usiusikitikie. Hiyo hatua moja uliyobakiza nimeipanda mimi.

Na lile neno nililokuambia siku naondoka nalifuta. Nguzo inalia. Ikilia, watu wanakuja.

Barua hii sikumpa dereva. Nimeileta mwenyewe, nikampa Mama akukabidhi kwanza, maana nilijua nikianza kusema sitaweza kuyamaliza haya. Sasa umefika mwisho wake. Inua macho. Nimesimama mlangoni, upande wako wa kulia.

Baba yako